Luteni mwenye koti kuukuu: Tumkumbuke Peter Falk



Wako watu ambao hatukupata kuwaona kwa macho, wala wao hawakujua kwamba sisi tupo duniani. Lakini siku waliyokufa tulihuzunika kana kwamba mtu wa ukoo ametutoka. Mmoja wao ni Peter Falk, mchezaji wa sinema na wa televisheni wa Marekani. Alifariki tarehe 23 Juni 2011 nyumbani kwake Beverly Hills, karibu na Los Angeles, naye alikuwa na umri wa miaka 83. Pengine wengi kati yenu hawalijui jina hilo. Lakini tukisema tu « Columbo », mara wazee na vijana wataitika: Aa, yule Luteni wa polisi mwenye koti la mvua!

Sisi tulimjua tukiwa wanafunzi katika shule ya misioni. Jumamosi jioni, mtambo wa umeme ulipowashwa, padri mmoja alileta kaseti za video katika chumba kikubwa cha parokia. Wadogo waliketi chini mbele, wakubwa walisimama nyuma, na mama wa jirani walichungulia madirishani na watoto mgongoni. Columbo alisema Kifaransa safi, nasi kwa miaka mingi tuliamini kwamba ile ni sauti yake mwenyewe. Baadaye ndipo tulipojifunza kwamba ilikuwa sauti ya Mfaransa, Bwana Serge Sauvion, ambaye naye alifariki mwaka 2010, mwaka mmoja tu kabla ya Peter Falk.

Pengine msomaji atauliza: Mtu huyo wa mbali anatuhusu nini sisi, baba na mama wa Kongo? Swali ni la haki. Tunaomba mtusome hadi mwisho, maana katika maisha ya mtu huyo kuna mambo mawili yanayogusa nyumba zetu kabisa: moja ni la watoto, na moja ni la wazee.

MTOTO MWENYE JICHO MOJA

Peter Falk alizaliwa mjini New York tarehe 16 Septemba 1927. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa mwenye duka la nguo. Mtoto alikulia Ossining, mji mdogo ulio kando ya mto Hudson. Alipokuwa na umri wa miaka 3, madaktari walitambua kwamba kuna kansa katika jicho lake la kuume. Ugonjwa huo huitwa retinoblastoma. Ni kansa inayoota ndani ya jicho, kwenye ngozi ile nyembamba ya nyuma inayopokea mwanga, nayo huwashika hasa watoto wasiofika miaka 5. Ilibidi kuchagua: jicho ama uhai. Madaktari walilitoa jicho, na tangu siku ile hata kufa kwake Peter Falk alivaa jicho la kioo. Ndiyo sababu Luteni Columbo alikuwa na mtazamo ule wa upande, ambao sisi watoto tulidhani ni mbinu ya kazi yake.

Hapa tusimame kidogo, enyi mama. Ugonjwa huu uko kwetu pia. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni weupe unaong'aa katikati ya mboni, kama jicho la paka usiku. Pengine huonekana katika picha iliyopigwa kwa taa. Dalili nyingine ni makengeza yanayoanza kwa mtoto ambaye hakuwa nayo. Jicho haliumi, mtoto hucheza kama kawaida, na kwa hiyo jamaa husema: Tungoje, litapona. Wengine hutia dawa za majani. Wakati huo kansa inasonga mbele kuelekea ubongo. Katika nchi zenye hospitali nyingi karibu watoto wote wenye ugonjwa huu hupona, kwa kuwa hupelekwa mapema. Kwetu wengi hufa, kwa kuwa hufikishwa wakati jicho limekwisha kuvimba. Basi mama akiona weupe ule, asingoje mwezi wala wiki: ampeleke mtoto kwa daktari. Jicho moja si kitu mbele ya uhai. Peter Falk aliishi miaka 80 baada ya kupoteza la kwake.

Tena aliishi bila kujificha. Alipokuwa mwanafunzi alicheza besiboli, mchezo wa Wamarekani wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia. Siku moja mwamuzi alisema kwamba Peter amechelewa kufika kituoni, naye Peter alijua hakika kwamba amewahi. Akakasirika, akalitoa jicho lake la kioo, akampa mwamuzi, akimwambia alijaribu lile pengine litamsaidia kuona. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yeye mwenyewe alipenda kulisimulia jambo hilo hata uzeeni. Wenzake hawakumdharau: mwaka wa mwisho wa masomo walimchagua awe mkubwa wa wanafunzi wa kalasi lake. Sisi tuliokuwa tukiwaita wenzetu « Chongo » na « Kiguru » katika uwanja wa shule, tuna la kujifunza hapo.

MPISHI WA MELI, KARANI WA SERIKALI

Msidhani kwamba aliruka mara moja kutoka shuleni hadi katika sinema. Njia yake ilikuwa ndefu. Alitaka kuwa askari, jeshi likamkataa kwa ajili ya jicho. Akaingia katika meli za biashara, akawa mpishi. Alisema kwa mzaha kwamba katika meli anayehitaji kuona ni nahodha peke yake. Aliporudi nchi kavu alisoma tena vyuoni, na mwaka 1953 alipata shahada ya juu ya utawala wa serikali katika Chuo Kikuu cha Syracuse. Kisha akaajiriwa na serikali ya jimbo la Connecticut, mjini Hartford, katika ofisi ya hesabu za fedha. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi ofisi zinavyoweza kufanya kazi kwa upesi na utaratibu. Lakini, alisema mwenyewe, asubuhi ya kwanza mtaalamu huyo wa utaratibu alishindwa kuiona nyumba ya kazi!

Mchana alishika kalamu, jioni alicheza michezo ya jukwaani pamoja na kikundi cha watu wa Hartford ambao hawakulipwa. Akasikia kwamba mama mmoja mashuhuri katika kazi hiyo, Bibi Eva Le Gallienne, anafundisha wachezaji huko Westport. Masomo yale yalikuwa kwa wachezaji wa kazi tu. Peter akasema uongo kwamba naye ni mmoja wao. Kila wiki alichelewa kufika, kwa kuwa alitoka mbali kwa gari. Bibi akamwuliza sababu. Peter akaungama kwamba yeye si mchezaji wa kazi, bali ni karani. Yule Bibi akamjibu kwamba basi ingefaa awe mchezaji. Kwa neno hilo moja kijana akaacha kazi yenye mshahara wa hakika, na mwaka 1956 akaenda New York kuanza upya. Alikuwa karibu kufika miaka 29.

Wakubwa wa sinema hawakumpokea wote kwa furaha. Inasimuliwa kwamba Harry Cohn, mwenye kampuni kubwa ya sinema ya Columbia, alimkataa akisema kwamba kwa fedha zile zile anaweza kumpata mchezaji mwenye macho mawili. Neno kali hilo! Lakini Peter hakurudi nyuma. Kwa sinema mbili, ya mwaka 1960 na ya mwaka 1961, jina lake liliwekwa miongoni mwa waliopendekezwa kupata tuzo la Oscar. Kisha akapata tuzo lake la kwanza la televisheni, liitwalo Emmy, kwa mchezo ambamo alikuwa dereva wa lori lililobeba nyanya, aliyempakia njiani mama mwenye mimba. Katika maisha yake alipata matuzo matano ya namna hiyo, na manne yaliyobaki ni ya Columbo.

LUTENI COLUMBO NA PADRI BROWN

Luteni Columbo alibuniwa na marafiki wawili, Richard Levinson na William Link, waliojuana tangu wakiwa wavulana shuleni Philadelphia, wakaandika pamoja mpaka Levinson alipokufa mwaka 1987. Wasomaji wetu watafurahi kujua Columbo alitoka wapi. Waandishi hao walisema kwamba walichukua mfano kwa watu wawili wa vitabuni. Wa kwanza ni hakimu Porfiry Petrovich, katika kitabu cha Mrusi Dostoyevsky cha mwaka 1866. Wa pili ni padri! Ndiye Padri Brown, aliyebuniwa na Mwingereza G. K. Chesterton: padri mfupi, mnene, mwenye mwavuli mkubwa, ambaye watu humwona kuwa mjinga, kumbe anaijua mioyo ya watu kwa sababu amekaa miaka mingi katika kiti cha maungamo. Chesterton alimwiga rafiki yake, Padri John O'Connor, na mwaka 1922 padri huyo huyo alimpokea katika Kanisa Katoliki. Basi ukimtazama Luteni vizuri, utamwona padri yule ndani ya koti.

Peter Falk si yeye aliyefikiriwa kwanza. Waliompata Columbo kabla yake walikuwa wachezaji wengine, na ilipokusudiwa kutengeneza sinema ya televisheni, kazi hiyo ilipelekwa kwa Bing Crosby, mwimbaji mashuhuri, naye akaikataa. Falk ndiye aliyeomba apewe. Sinema ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1968. Mfululizo ukaanza mwaka 1971, na hadithi yake ya kwanza iliongozwa na kijana wa miaka 24 asiyejulikana bado, Steven Spielberg. Kutoka mwaka 1968 hata mwaka 2003, pamoja na mapumziko marefu katikati, zilitengenezwa hadithi 69.

Koti lile la mvua lilikuwa lake mwenyewe. Alisema alilinunua New York siku aliponyeshewa njiani. Alipoonyeshwa nguo mpya za mchezo akazikataa. Gari pia alilichagua yeye katika gereji ya kampuni: Peugeot 403 isiyo na paa la chuma, kuukuu, yenye moshi. Sisi tunaolijua jina la Peugeot tangu babu zetu tulicheka sana tulipoliona gari hilo limeegeshwa kati ya magari ya matajiri wa California. Alikuwa na mbwa mvivu mwenye masikio marefu, na hata jina hakumpa. Alimwita Mbwa tu. Na mke wake, ambaye alimtaja kila mara kwa upendo, hakuonekana hata siku moja.

KWA NINI WATU WALIMPENDA

Hadithi nyingine za polisi huficha mwuaji mpaka mwisho. Columbo ni kinyume. Tangu dakika za mwanzo tunamwona mwuaji, tunaona anavyofanya, tunaona anavyofuta alama zake. Karibu kila mara ni mtu mkubwa: tajiri, daktari, mwandishi, mkuu wa jeshi, mtu mwenye nyumba nzuri na maneno mazuri. Kisha anaingia Luteni, nywele hazikuchanwa, sigara mkononi, anatafuta kalamu mfukoni asiione. Mkubwa anamtazama toka viatu hadi kichwa na kusema moyoni: Huyu hana akili. Hapo ndipo anapoanza kuanguka.

Luteni hapigi mtu. Mara chache sana huonekana na bunduki. Hatukani. Anauliza kwa adabu, anashukuru, anaomba msamaha kwa usumbufu, anakwenda zake. Akifika mlangoni anageuka, anainua kidole: bado kuna neno moja dogo. Na lile neno dogo ndilo linaloutoboa uongo wote. Wahenga walisema: Njia ya mwongo ni fupi. Tena walisema: Haba na haba hujaza kibaba. Tone la wino, kamba ya kiatu iliyofungwa vibaya, simu iliyopigwa saa isiyofaa: Luteni alikusanya haba hizo mpaka kibaba kikajaa.

Tunafikiri kwamba watu wadogo wa nchi zote walimpenda kwa sababu hiyo. Nani kati yetu hakuwahi kusimama mbele ya meza ya mkubwa, viatu vimejaa vumbi, akitazamwa kama si mtu? Columbo alisimama pale kwa niaba yetu. Hakuona haya kwa koti lake, wala hakumwonea wivu mwenye koti jipya. Alifanya kazi yake kwa uvumilivu, na haki ikapata njia. Huko Budapest, mji mkuu wa Hungaria, mwaka 2014 walimsimamishia sanamu ya shaba, yeye na mbwa wake, katika barabara yenye jina la Falk Miksa. Nchi nyingi zilimjua yeye kuliko walivyojulikana mawaziri.

Peter Falk alicheza pia mambo mengine ya thamani. Mwaka 1987 Mjerumani Wim Wenders alimweka katika sinema iliyotengenezwa Berlin, juu ya malaika wanaowasikiliza watu katika huzuni zao. Humo Falk ni malaika wa zamani aliyechagua kuwa mwanadamu. Anasimama penye kibanda cha kahawa wakati wa baridi, anamhisi malaika asiyeonekana, anamweleza jinsi ilivyo tamu kunywa kahawa ya moto na kusugua mikono yenye baridi. Hakuna mahubiri hapo, lakini anayeitazama hutoka akishukuru kwa kuwa na mikono.

SIKU ZA GIZA

Sasa tunafika kwenye jambo la pili, lile la wazee. Mwaka 2008 Peter Falk alionekana katika barabara ya Beverly Hills, nywele timtim, akipiga kelele, hajui aendako. Wapiga picha walikuwa karibu. Badala ya kumshika mkono wampeleke nyumbani, walimpiga picha, nazo zikaenea duniani kote. Mwisho wa mwaka ule ikajulikana wazi kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2009 mahakama ya Los Angeles ilimkabidhi mkewe ulinzi wake, na daktari alieleza mbele ya hakimu kwamba mgonjwa hakumbuki tena hata kwamba alikuwa Columbo.

Tulipolisoma neno hilo tulinyamaza. Mamilioni ya watu walimkumbuka. Yeye peke yake alisahau. Mtu ambaye kazi yake katika mchezo ilikuwa kukumbuka kila kitu kidogo, alisahau hata jina lililompatia sifa.

Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mara ya kwanza mwaka 1906. Ni ugonjwa wa ubongo. Chembe za ubongo hufa pole pole, na pamoja nazo huenda kumbukumbu, kisha maneno, kisha njia ya nyumbani, kisha nyuso za watoto. Hauambukizi. Hakuna bado dawa ya kuuponya, ingawa kuna dawa zinazopunguza dalili kwa muda. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na magonjwa ya namna hii ya kupoteza akili, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Basi tusiseme kwamba ni ugonjwa wa wazungu.

MWALIMU WETU

Hapa inatubidi tuungame jambo letu wenyewe. Katika shule yetu palikuwa na mwalimu mzee aliyependa sana zile kaseti za Jumamosi. Somo likiisha alikusanya vitabu vyake, akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye paji la uso, akageuka: « Watoto, bado neno moja dogo. » Kalasi zima lilicheka na kuogopa pamoja, maana tulijua kwamba swali gumu kuliko yote linakuja. Kwa njia hiyo alitufundisha hesabu na sarufi, na kuliko vyote, kutotosheka na jibu la kwanza.

Miaka ilipita, akapewa pumziko. Tukasikia kwamba amebadilika. Aliuliza habari za ng'ombe waliouzwa zamani. Aliamka usiku, akavaa suruali yake ya kazi, akaenda kusimama mbele ya shule iliyofungwa. Majirani wakaanza kunong'ona: Mzee anayetembea usiku anatafuta nini? Ninyi wasomaji mnajua minong'ono hiyo inakoelekea. Mtoto mmoja wa mtaa alikufa kwa homa. Usiku ule vijana walikuja na mawe mbele ya nyumba ya mwalimu. Mke wake alisimama mlangoni, na katekista akaja mbio kusimama pamoja naye, wakawazuia mpaka kulipokucha.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa katika mji ule ule. Tulipata habari asubuhi, wala hatukuenda. Tulisema kwamba mambo haya ni magumu, kwamba tuna kazi, kwamba jamaa zake watamtunza. Ukweli ni kwamba tuliogopa watu wasije wakatutaja pamoja naye. Sisi tuliofundishwa naye kuuliza swali la pili, hatukuuliza hata la kwanza: Je, mzee huyu ni mchawi, au ni mgonjwa?

Tulikwenda baada ya miezi mingi, kwa aibu. Mama alitupokea vizuri, hakutulaumu. Mwalimu alituona, akasimama wima, akafunga kifungo cha shati. Alidhani sisi ni mkaguzi wa shule. Tukamsalimu: « Jambo, Baba Mwalimu. » Akajibu kwamba wanafunzi wote wamekuja, hakuna aliyekosa. Tukakaa naye, Mama akaanza wimbo wa zamani wa kanisa, naye akauimba wote toka mwanzo hadi mwisho bila kukosa neno. Tulipoaga na kufika mlangoni, alituita. Aliinua kidole kama zamani. Tukageuka, tukangojea swali. Alitutazama kitambo, kidole kikiwa juu. Alikuwa amelisahau. Kisha akacheka, nasi tukacheka pamoja naye.

NENO KWA JAMAA ZETU

Hatuwezi kumrudishia mwalimu usiku ule wa mawe. Lakini tunaweza kuwaeleza wasomaji yale ambayo tungependa kuyajua mapema.

Kwanza: mzee akianza kuuliza jambo lile lile mara kumi, akipotea katika njia aliyoizoea, akisema kwamba watu wa nyumbani wamemwibia vitu alivyoviweka mwenyewe mahali pengine, hiyo si tabia mbaya, wala si uchawi. Inaweza kuwa ni ugonjwa. Mpelekeni hospitalini. Kuna usahaulifu unaotoka katika mambo yanayotibika, kama upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni kubwa, au dawa zisizomfaa. Daktari atapambanua.

Pili: msishindane naye. Akisema kwamba marehemu mama yake anamngoja, msimpigie kelele kwamba mama alikufa zamani; kwake ni msiba mpya kila siku. Mwambieni awasimulie habari za mama yake.

Tatu: mpeni siku yenye utaratibu, chakula saa ile ile, kiti chake mahali pale pale, kazi ndogo ya mikono kama kuchagua maharagwe. Imbeni naye. Nyimbo hukaa moyoni wakati maneno mengine yamekwisha kuondoka.

Nne: msimfungie wala kumfunga kamba. Akitaka kutembea, atembee na mjukuu. Waambieni majirani wazi: Baba yetu ni mgonjwa wa kusahau, mkimwona njiani mtuletee. Uchawi hupenda mahali ambapo mambo yamefichwa. Jamaa inayosema wazi huwanyang'anya wasengenyaji maneno yao.

Tano: mkumbukeni yule anayemtunza. Mara nyingi ni mke au binti mmoja, naye hapati usingizi. Kumpokea zamu siku moja tu kwa juma ni sadaka kubwa kuliko fedha.

Ninyi wanafunzi, mtakapomwona mzee anayetangatanga na wenzenu wanamcheka au wanampiga picha kwa simu zao, kumbukeni ile barabara ya Beverly Hills. Mshikeni mkono, mwulizeni kwa adabu anakaa wapi.

Peter Falk hakujua tena kwamba alikuwa Luteni Columbo. Lakini waliomzunguka walijua, na kwa ajili ya hao wanaojua mtu hubaki kuwa yeye yule. Ndiyo kazi inayotubakia sisi kwa wazee wetu: kukumbuka kwa niaba yao. Mwalimu wetu hawezi tena kutaja jina letu. Sisi tunalo lake, tena tunalo lile swali lake moja dogo: Katika mtaa wako, msomaji mpendwa, ni mzee gani ambaye mlango wake haujabishwa tangu alipoanza kusahau?